SOMO LA WIKI: Kapu la miradi ya usalama wa kompyuta serikalini halifidiani kama kapu la hisa

Msomaji wa ukurasa huu amekwisha kuzoea ushauri wa kutoweka mayai yote katika kapu moja. Ukinunua hisa za benki, za saruji na za bia, na kuongeza hatifungani za serikali, hasara ya upande mmoja hufidiwa na faida ya upande mwingine. Wiki hii tunatazama kapu la aina nyingine, ambalo kanuni hiyo hailifai. Ni kapu la miradi ya kuimarisha usalama wa mifumo ya kompyuta katika taasisi za umma.

Huenda mfanyabiashara akauliza, jambo hili linanihusu nini? Jibu ni kwamba leseni, kodi, ushuru wa forodha, viza na malipo mengi ya serikali siku hizi hupita katika kompyuta. Mwezi Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Serikali ya Kenya ulishambuliwa kwa kufurikishiwa maombi ya uongo hadi ukashindwa kuhudumia wateja halali. Waombaji wa pasi na viza walikwama, na hata ununuzi wa umeme wa malipo ya kabla na tiketi za treni uliguswa. Serikali ililazimika kuahidi kuwapa viza wageni stahili wakishafika. Waziri wa wakati huo, Bw. Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara aliyekuwa akisubiri kibali, siku iliyopotea ilikuwa imepotea.

Mlango wa mfumo wa umma ukifungwa, mtaji wa mtu binafsi unalala. Kwa hiyo ni vema kuelewa wanaosimamia miradi hii wanapaswa kufanya nini, na sisi tuwapime kwa kipimo gani.

KISA CHA HOSPITALI ZA UINGEREZA

Mfano ulioandikwa vizuri zaidi ni wa huduma ya afya ya umma ya England, yaani NHS. Ijumaa tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa duniani, kikifunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia. Kwa mujibu wa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza, takriban theluthi moja ya taasisi 236 zinazoendesha hospitali England ziliathirika, pamoja na vituo 595 vya madaktari wa familia. Inakadiriwa miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Wizara ya Afya baadaye ilikadiria gharama kuwa paundi milioni 92, ambazo paundi milioni 72 kati yake zilikwenda katika kurejesha mifumo na data wiki zilizofuata.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwepo. Kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu hilo tarehe 14 Machi 2017, miezi miwili kabla. Chombo cha kitaalamu cha NHS kilituma tahadhari kwa taasisi hizo mwezi Machi na Aprili. Kabla ya shambulio, chombo hichohicho kilikuwa kimekagua taasisi 88 kati ya 236, na hakuna hata moja iliyofaulu. Lakini hakikuwa na mamlaka ya kuilazimisha taasisi yoyote kurekebisha kasoro zake.

Kwa lugha ya biashara, orodha ya kasoro ilikuwepo na tahadhari ilikuwepo. Aliyekosekana ni msimamizi mmoja wa kapu, mwenye daftari, mwenye mfuko, na mwenye uwezo wa kusema mradi huu utangulie na ule usubiri.

KWA NINI HALIFIDIANI

Mwekezaji mwenye hisa za kampuni kumi, tisa zikipanda na moja ikianguka, bado anacheka. Mlinzi wa ghala lenye milango kumi, akifunga tisa na kusahau mmoja, hana cha kuchekea. Mwizi hahesabu wastani wa milango iliyofungwa. Anautafuta ule ulio wazi.

Ndiyo maana taarifa inayosema "asilimia 90 ya miradi imekamilika" inaweza kuwa ya kweli na isiwe na maana. Swali la haki ni hili: ile asilimia 10 iliyobaki inalinda nini? Ikiwa inalinda mfumo wa malipo au kumbukumbu za hati za ardhi, kapu zima bado liko hatarini.

Tofauti ya pili ni kwamba hisa zako zinakaa mkononi mwako, lakini milango ya taasisi ya umma mingine iko kwa watu wa nje. Mwezi Juni 2024 kampuni ya Synnovis, inayofanya vipimo vya maabara kwa hospitali za London, ilishambuliwa. Katika taasisi mbili za hospitali zilizoathirika zaidi, miadi 10,152 ya wagonjwa wa nje na matibabu 1,710 yaliyokuwa yamepangwa viliahirishwa. Kilichopigwa ni kompyuta za mzabuni, na maumivu yakaenda kwa mwenye zabuni.

HESABU YENYEWE

Sasa tuchukue kalamu. Mfano ufuatao ni wa kubuni kwa ajili ya somo tu. Idara moja imetengewa sh. milioni 200 kwa mwaka. Wataalamu wake wameleta maombi manne:

A. Kuhuisha programu za kompyuta zote na kuziba matundu yanayojulikana: sh. milioni 60.

B. Kununua mtambo mpya wa kufuatilia mtandao: sh. milioni 150.

C. Kuweka nakala za akiba nje ya mtandao na kujaribu kuzirejesha kila robo mwaka: sh. milioni 40.

D. Kuandika orodha kamili ya mashine na programu zote za idara: sh. milioni 15.

Kanuni ya kukadiria ni rahisi: uwezekano wa tukio zidisha kwa hasara yake. Tuseme leo kuna uwezekano wa asilimia 20 kwa mwaka wa shambulio litakaloleta hasara ya sh. milioni 800. Hatari hiyo ina uzito wa sh. milioni 160 kwa mwaka.

Mradi A unashusha uwezekano kutoka asilimia 20 hadi 5. Uzito unabaki sh. milioni 40, yaani nafuu ya sh. milioni 120 kwa gharama ya milioni 60. Mradi B unashughulikia hatari nyingine yenye uwezekano wa asilimia 10 na hasara ya sh. milioni 300. Uzito wake ni milioni 30, nao mradi unaushusha hadi milioni 10. Nafuu ni milioni 20 kwa gharama ya milioni 150. Hapo mtambo wenye taa nyingi, ambao mzabuni angependa sana kuuza, umeanguka.

Mradi C haupunguzi uwezekano wa kushambuliwa. Unapunguza hasara, kutoka milioni 800 hadi milioni 300. Ukifanywa peke yake, unaleta nafuu ya sh. milioni 100. Lakini ukifanywa baada ya A, uwezekano umekwisha kushuka hadi asilimia 5, na nafuu ya nyongeza ni milioni 25 tu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanajumlisha 120 na 100 na kuuambia uongozi kwamba wataokoa sh. milioni 220, wakati hatari yote ilikuwa ya milioni 160. Nafuu za miradi katika kapu moja hazijumlishwi kibubusa. A na C kwa pamoja zinashusha uzito kutoka milioni 160 hadi 15, yaani nafuu halisi ya milioni 145.

Na D je? Kwa karatasi haileti nafuu hata senti moja. Lakini bila orodha, A haiwezi kukamilika, kwa sababu huwezi kuhuisha mashine usiyojua kwamba unayo. D inatangulia miradi yote, kama msingi unavyotangulia ukuta.

Basi D, A na C zinagharimu sh. milioni 115. Zinabaki sh. milioni 85 za mafunzo, mishahara ya wataalamu na akiba ya dharura. Akiba hiyo si anasa. Ule uzito wa milioni 15 uliobaki ni makadirio tu. Tukio lenyewe likija halichukui milioni 15, linachukua milioni 300.

KANUNI TANO ZA MSIMAMIZI

Kwanza, daftari liwe moja. Kila mradi uandikwe unapunguza hatari ipi, ya nani, na unategemea mradi upi. Mradi usioweza kutaja hatari yake hauna haki ya kupata fedha.

Pili, fedha zitoke kwa awamu. Taasisi ipewe fungu la pili baada ya kuthibitisha kazi ya fungu la kwanza. Kisa cha NHS kinaonyesha kuwa ushauri usio na mfuko wala mamlaka huishia katika jalada.

Tatu, mwanafunzi asijisahihishie mtihani. Uingereza ilianzisha mwezi Aprili 2023 utaratibu uitwao GovAssure, ambapo mifumo muhimu ya serikali inapimwa na wakaguzi huru. Ripoti ya Ofisi ya Ukaguzi ya Januari 2025 ilisema mifumo 58 muhimu iliyopimwa ilikutwa na mapungufu makubwa. Habari hiyo ni chungu, lakini ni bora kuliko ripoti tamu iliyoandikwa na mhusika mwenyewe.

Nne, hesabu watu kabla ya mashine. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kuwa mwaka 2023-24 nafasi moja kati ya tatu za kazi ya usalama wa mtandao serikalini Uingereza ilikuwa wazi au imeshikwa na mtu wa muda. Miradi 20 inayowategemea mafundi wanne haiendi pamoja hata kama fedha zote zipo. Ni afadhali kumaliza mitano kuliko kuanzisha yote 20.

Tano, jua kukata hasara. Mwekezaji mzuri huuza hisa mbovu bila kulilia bei aliyonunulia. Vivyo hivyo, mradi uliopitwa na wakati usimamishwe na fedha zake zihamishiwe kwingine. Na mfumo mzee usiozibika tena usiendelee kulindwa kwa gharama milele, bali upangiwe tarehe ya kustaafu. Uingereza ilihesabu mwezi Machi 2024 mifumo mizee isiyopungua 228 katika idara zake. Lengo la kuimarisha mifumo yake muhimu ifikapo 2025, lililowekwa katika mkakati wa Januari 2022, wakaguzi walisema halitafikiwa.

MSOMAJI AONDOKE NA NINI

Kwa anayefikiria kununua hisa za kampuni inayouza huduma zake kupitia mfumo wa serikali, soma ripoti ya mwaka ukitafuta mambo matatu. Je, kampuni ina njia ya pili ya kupokea malipo mfumo ukilala? Je, imewahi kujaribu kurejesha kumbukumbu zake kutoka nakala za akiba? Na je, bodi inapokea taarifa ya hatari hizi kutoka kwa mtu asiyekuwa fundi mhusika? Kampuni inayojibu "tumenunua programu ya kisasa" haijajibu swali.

Kwa anayeomba zabuni za umma, fahamu kwamba baada ya visa kama cha Synnovis, usalama wako ni sehemu ya usalama wa mnunuzi. Mzabuni mdogo mwenye orodha ya mashine zake, maneno ya siri yasiyoazimana, na nakala za akiba zilizojaribiwa, ana bidhaa ya kuonyesha. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuondolewa katika orodha ya wazabuni.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, hatua ni nyepesi zaidi. Usingoje siku ya mwisho kulipa kodi au kuhuisha leseni, kwani mfumo ukilala siku hiyo, ushahidi kwamba ulijaribu utakuwa juu yako. Chapisha stakabadhi na nambari ya malipo uweke katika faili la karatasi. Na katika hesabu ya mtaji wa mzigo ulioko bandarini, ongeza siku chache za tahadhari kama unavyofanya kwa mvua au mgomo.

Mwisho, taasisi ya umma ikitangaza kuwa imetumia kiasi fulani cha fedha kwa usalama wa kompyuta, usipige makofi bado wala usilaumu bado. Uliza mlango gani ulikuwa wazi mwaka jana, na nani wa nje ameushika kitasa mwaka huu akathibitisha kwamba umefungwa.

Wiki ijayo tutaangalia jinsi ya kusoma mizania ya kampuni ya bima kabla ya kununua hisa zake.