Mlango Mmoja, Vyumba Vingi

Nyumba kubwa ina mlango mmoja wa mbele. Ndani ina vyumba vingi. Mgeni hupiga hodi mlangoni. Mwenyeji humwuliza, "Unamtaka nani?" Kisha humpeleka kwenye chumba cha mtu huyo. Simu ya ofisi kubwa hufanya kazi hivyo hivyo.

Watu wa nje hupewa namba moja. Lakini ndani kuna simu nyingi. Kila simu ina namba yake fupi, kama vile 12 au 214. Hiyo huitwa namba ya ndani. Wengine huiita ekstensheni. Chombo kinachounganisha simu ya nje na simu za ndani ni swichibodi. Mfanyakazi wake ni opereta.

Zamani opereta aliunganisha simu kwa mkono. Alichomeka waya katika tundu la simu inayotakiwa. Mwaka 1891, Almon Strowger wa Marekani aliandikishwa serikalini kuwa mvumbuzi wa mashine ya kuunganisha simu bila opereta. Siku hizi ofisi nyingine hupokea simu kwa sauti iliyorekodiwa. Sauti husema, "Kwa malipo, bonyeza 1." Sikiliza mpaka mwisho, kisha bonyeza. Mashine itakupeleka.

Mama mmoja wa darasa letu alikuwa na mtoto aliyelazwa hospitali ya mbali. Alimwacha na bibi yake, akarudi kijijini kuangalia wadogo. Muuguzi alimpa karatasi. Mama aliifunga katika pindo la khanga bila kuisoma.

Siku ya pili alipiga simu hospitali.

"Habari za asubuhi, mama?" opereta alisema.

"Nzuri, mwanangu. Naulizia mtoto wangu."

"Yuko wodi gani, mama?"

Mama hakujua. Opereta alijaribu wodi moja, kisha nyingine. Mara salio likaisha. Simu ikakatika.

Mama alikaa chini akalia. Ndipo alipoikumbuka karatasi. Aliifungua, akasoma polepole: "Wodi ya watoto. Namba ya ndani 214." Aliazima simu ya jirani.

"Naomba namba ya ndani 214, wodi ya watoto."

Muuguzi akaitikia hapo hapo. "Afadhali umepiga, mama. Mtoto anahitaji kuongezewa damu. Ndugu waje kuchangia."

Alfajiri wajomba wawili walipanda basi. Mtoto alipona. Karatasi ile sasa imebandikwa katika daftari la mama.

Ndugu msomaji, kabla ya kupiga simu ofisini, fanya haya:

1. Andika jina la idara au mtu unayemtaka.
2. Andika namba ya ndani, kama unaijua.
3. Weka kalamu na karatasi karibu.
4. Taja namba ya ndani kwanza. Eleza shida yako ukifikishwa.
5. Uliza jina la aliyekusaidia, uliandike.
6. Kama hukuijua namba ya ndani, iulize kabla ya kukata simu.

Maswali

1. Namba ya ndani ni nini?
2. Kwa nini simu ya kwanza ya mama haikumfikisha wodini?
3. Mama aliokoa nini kwa kujua kusoma?

Zoezi

Andika katika daftari lako namba tatu za simu ambazo familia yako huzihitaji. Mbele ya kila namba, andika idara utakayoomba.