Ukuta Usioua: Somo Kutoka Wipeout 2097

Ukitaja gemu hosteli, watu wanawaza FIFA na ubishi wa usiku. Leo naleta gemu lenye umri kuliko wengi wetu: Wipeout 2097, lililotoka mwaka 1996 kwa PlayStation ya kwanza. Waliolitengeneza ni Psygnosis wa Liverpool, Uingereza. Marekani liliuzwa kwa jina la Wipeout XL. Ni mbio za vyombo visivyo na magurudumu, vinavyoelea juu ya njia.

Mimi nililikuta nyumbani Kigwa, wilaya ya Uyui, kwenye banda lenye TV ya kichogo na pedi mbili, moja imezungushiwa solotepu. Mbio moja shilingi mia. Shikeni hiyo bei, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nalisifia.

Wipeout ya kwanza, ya mwaka 1995, ilikuwa nzuri kwa macho lakini katili. Ukigonga ukuta, chombo kinakaribia kusimama kabisa, huku saa inakimbia. Usipofika kituo cha muda, mbio zimekwisha. Kwa mtoto mwenye mia moja hiyo ni disko bila hata sapu! CD zote mbili zilikuwepo bandani, lakini ile ya kwanza ilikaa ikila vumbi.

Walipotengeneza la pili hawakuondoa ukuta. Walibadilisha gharama yake. Sasa ukiukwaruza unapoteza kasi, wapinzani wanakupita, lakini unaendelea, na mzunguko unaofuata unaikuta kona ileile ukiwa bado unakumbuka ulichokosea. Hapo ndipo mtu anajifunza.

Na cha kujifunza kipo, hasa breki za hewa. L2 inavuta pua ya chombo kushoto, R2 kulia. Ukibana zote mbili unapunguza mwendo. Kwa kuwa chombo kinaelea, kinateleza kama baiskeli kwenye mchanga, hivyo ukisubiri kona ifike umechelewa. Unabana mapema, chombo kinaanza kugeuka ukiwa bado kwenye njia iliyonyooka, halafu unaachia. Mara ya kwanza unaona kama kichaa. Mara ya ishirini kidole kinajua chenyewe.

Jingine jipya ni ngao. Silaha za wenzako zinaila, na ikiisha unalipuka. Ila kuna njia ya pembeni ya kujazia: ukikaa humo zaidi unapata zaidi, na wenzako wanazidi kwenda. Sisi wa Kigwa hesabu hiyo si ngeni. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita kwetu ikielekea Unyanyembe, na kirangozi alipaswa kujua lini wapagazi wapumzike na lini wasogee kambi ya mbele.

Muziki nao (wamo Prodigy na Chemical Brothers) na michoro ya The Designers Republic wa Sheffield vimesifiwa sana, na kwa haki. Mimi nawaomba wanaosoma kompyuta na ualimu waangalie ule ukuta kwanza. Mkipata nakala, anzeni na Talon's Reach katika daraja la Vector. Silaha ziacheni kabisa. Pigeni mizunguko mkishughulika na L2 na R2 tu, na mhesabu mmegusa ukuta mara ngapi.