Vumbi la Udongo katika Karakana ya Nyumbani

Mfinyanzi afanyaye kazi nyumbani huzoea kuuogopa moto wa joko, ilhali hatari iliyo kubwa zaidi imelala sakafuni. Kauri hutengenezwa kwa kaolini, kama ile ya Pugu wilayani Kisarawe, pamoja na feldspa na kwatzi. Ikishachomwa kwa takriban nyuzi 1300 za Selsiasi, haina madhara. Madhara yamo katika mabaki makavu yasiyochomwa, ambayo vumbi lake lina silika. Chembe zake hazionekani kwa macho. Huelea hewani kwa saa kadhaa, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humweka mgonjwa karibu zaidi na kifua kikuu.

Kwa hiyo ufagio, pamoja na heshima yake katika kila nyumba, haufai karakanani. Meza na sakafu hupanguswa kwa sponji yenye maji kila jioni, kabla mabaki hayajakauka. Aproni hufuliwa, haikung'utwi uani, wala haiingii chumba walalamo watoto. Kitambaa kifungwacho puani hakizuii chembe hizo.

Maji ya kunawia huachwa ndooni yatuame usiku kucha. Ya juu humwagwa, tope hurudishwa kazini. Likimwagwa kwenye sinki, huziba bomba.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili na afike kituo cha afya, na amweleze mganga kuwa yeye ni mfinyanzi, hata asipoulizwa.