Wimbo Ulioitwa Kitoweo: Suala la Tafsiri katika Muziki Pendwa wa Miaka ya 1961–1963

Tarehe 15 Juni 1963, wiki mbili baada ya Kenya kupata Madaraka, wimbo ulioimbwa kwa Kijapani kitupu ulifika kileleni mwa orodha ya nyimbo mia moja ya jarida la Billboard nchini Marekani, ukakaa hapo kwa majuma matatu. Orodha hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1958, ilitegemea mauzo ya santuri na idadi ya mara ambazo wimbo ulichezwa redioni. Wengi mno wa walioununua wimbo huu hawakujua neno hata moja la Kijapani. Ikiwa wimbo unaweza kupendwa kiasi hicho bila maneno yake kueleweka, je, maneno yana kazi gani katika wimbo? Wapo wanaojibu kwamba muziki ni lugha ya walimwengu wote na hauhitaji mkalimani. Makala haya yanalipinga jibu hilo. Yanapendekeza kwamba tuulize kwanza ni nani aliyeyaweka maneno kando, aliweka nini mahali pake, na ni nani aliyepata hasara.

Machozi na sufuria

Jina asilia la wimbo huo ni "Ue o Muite Arukō", yaani "Nitatembea Nikitazama Juu". Ulitolewa nchini Japani mwaka 1961. Maneno yalitungwa na Rokusuke Ei, muziki ukatungwa na Hachidai Nakamura, na mwimbaji alikuwa Kyu Sakamoto, kijana wa miaka ishirini hivi. (Mwanafunzi wa elimu ya majina atafurahi kujua kwamba Wajapani waliwaita watatu hawa "sita-nane-tisa", kwa kuwa roku, hachi na kyū ni majina ya tarakimu hizo.) Nafsineni katika wimbo huu ni mtu anayetembea peke yake usiku, amekiinua kichwa ili machozi yasimdondoke.

Analia nini? Matini hayasemi. Hapa ndipo ufundi wa Ei unapodhihirika. Inaelezwa kwamba wazo la wimbo lilimjia baada ya kushindwa kwa maandamano makubwa ya mwaka 1960, ambayo yeye mwenyewe alishiriki, ya kuupinga mkataba wa usalama baina ya Japani na Marekani. Mkataba ulipitishwa na majeshi ya Marekani yakaendelea kuwapo Japani. Ei hakuutaja mkataba wala serikali. Alikiondoa chanzo cha huzuni, akayabakiza machozi tu, hivi kwamba aliyefiwa, aliyeachwa na mchumba na aliyeshindwa katika siasa wote waliweza kuuchukua wimbo ukawa wao. Msomaji aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili hatashangaa. Fumbo letu nalo hufanya kazi kwa namna hiyo: hadhira yenye ufunguo hufungua, isiyo nao huburudika na kupita.

Louis Benjamin, mkuu wa kampuni ya Pye ya Uingereza, aliusikia wimbo huu alipozuru Japani. Kampuni yake ikaurekodi upya kwa ala tupu kupitia bendi ya jazi ya Kenny Ball. Jina la Kijapani lilionekana kuwa gumu kwa ulimi wa Mwingereza, basi ukapewa jina "Sukiyaki". Sukiyaki ni chakula: vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe vinavyopikwa pamoja na mboga katika mchuzi wa soya na sukari. Santuri ya Sakamoto mwenyewe ilipotolewa nchini Marekani, ilibandikwa jina hilohilo. Ni kana kwamba ombolezo la Lamu liuzwe ng'ambo kwa jina "Pilau".

Nadharia ya tafsiri, tangu Schleiermacher mwaka 1813, imezizungumzia njia mbili: ama msomaji apelekwe kwa mwandishi, ama mwandishi aletwe kwa msomaji. "Sukiyaki" haikufuata hata moja. Sauti ya Sakamoto iliachwa vilevile, Kijapani chake hakikuguswa, lakini juu yake pakabandikwa neno ambalo sifa yake ya pekee ilikuwa kwamba Mzungu wa kawaida aliwahi kulisikia mkahawani. Kwa maoni yangu, kitendo hiki hakistahili hata kuitwa tafsiri mbovu, maana tafsiri mbovu angalau imejaribu. Na kejeli yake ni nzito: wimbo uliochimbuka katika upinzani dhidi ya Marekani ulishika nafasi ya kwanza Marekani, na jina lake likahakikisha kwamba hakuna ambaye angeuliza ulichimbuka wapi.

Mwaka 1981 kundi la Marekani liitwalo A Taste of Honey liliuimba wimbo huu kwa maneno mapya ya Kiingereza, likafika nafasi ya tatu katika orodha hiyohiyo. Maneno hayo ni ya mapenzi yaliyovunjika. Machozi yamebaki, ila sasa yamepewa chanzo kimoja, na uwazi alioujenga Ei umezibwa. Jina la kitoweo, hata hivyo, lilidumishwa.

Kitenzi kilichopotea

Mfano wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi, kwa kuwa ni wa lugha ya Kibantu. Desemba 1961 kundi la Tokens lilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wimbo "The Lion Sleeps Tonight". Asili yake ni "Mbube", ulioimbwa kwa Kizulu na Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds katika studio ya Gallo, Johannesburg, mwaka 1939. Mbube ni simba. Kiitikio chake kimejengwa kwa neno moja lenye kiambishi cha nafsi, kishirikishi na nomino hiyo, na kwa kawaida hufasiriwa "wewe ni simba". Mwanafunzi wa mofolojia atakitambua papo hapo kiambishi u-, kilekile tukionacho katika "u mwema" au "u shujaa". Pete Seeger, akiandika kutokana na santuri, alisikia "Wimoweh", na kundi lake la Weavers likaurekodi kwa jina hilo. Sentensi kamili ikageuka mlio tu. Nafsi ilipotea, kishirikishi kikapotea, na yule aliyekuwa akiambiwa kuwa ni simba akapotea pia.

Tokens waliurithi mlio huo, kisha wakaongezewa maneno ya Kiingereza ambamo simba amelala msituni. (Simba wa kawaida huishi mbugani, lakini hilo tuliache.) Aliyesifiwa au kuogopwa katika Kizulu sasa ni mnyama wa kubembelezea watoto.

Ikumbukwe kwamba upotevu huu una bei. Linda aliuza haki za wimbo wake kwa fedha kidogo mno, akafariki mwaka 1962 akiwa maskini, wakati wimbo ukivuma duniani. Familia yake ilifikia makubaliano kuhusu mrabaha mwaka 2006, baada ya kesi iliyochochewa na matumizi ya wimbo huo katika filamu ya The Lion King, filamu ambayo, kwa sadfa, shujaa wake ana jina la Kiswahili.

Wimbo wetu

Katika miaka hiyohiyo Fadhili William alirekodi "Malaika" jijini Nairobi. Utunzi wake umegombewa na zaidi ya mtu mmoja, na mzozo huo unahitaji makala yake pekee. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliujumuisha katika albamu yao ya pamoja, ambapo unaitwa "My Angel". Kikamusi, jina hilo ni sahihi kabisa. Lakini kiini cha "Malaika" ni kijana aliyekosa mali ya kuoa, na anayejua desturi za mahari hapa kwetu huisikia humo lawama kwa jamii ambayo neno "angel" halina njia ya kuibeba. Msikilizaji wa ng'ambo hupokea mapenzi matupu.

Anayetaka kuliendeleza suala hili asianze na mashairi yaliyopigwa chapa vitabuni. Na aanze na karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri, asome jina la wimbo na majina ya watunzi. Santuri ya Weavers ilimtaja mtunzi aitwaye Paul Campbell, ambaye hakuwahi kuwapo. Lilikuwa jina la bandia. Ya Tokens iliwataja Peretti, Creatore na Weiss. Linda hakutajwa.