Kanieneo, Ngozi na Godoro: Kumchagulia Malazi Mtu Aliyeumia Uti wa Mgongo

Mtu mwenye afya alalapo hujigeuza mara nyingi bila kujua. Neva za ngozi huupasha ubongo habari kwamba sehemu fulani imegandamizwa mno, na misuli huuhamisha mwili. Lakini mtu ambaye neva zipitazo ndani ya uti wa mgongo zimekatika au kupondeka, kwa ajali ya gari au kwa kuanguka mtini, huenda asipate habari hiyo kabisa, wala asiweze kujigeuza. Kwake yeye godoro si jambo la starehe tu. Vidonda vya mgandamizo vyaweza kuchimba hadi mfupani, vikaingiwa na vijidudu na kusababisha kifo.

Kidonda hutokeaje?

Ngozi hulishwa na damu ipitayo katika mishipa myembamba sana iitwayo kapilari. Mwaka 1930 mtaalamu wa Marekani, Eugene Landis, alipima kanieneo ya damu katika kapilari za vidole, akapata wastani wa milimita 32 za zebaki mahali damu iingiapo. Kiasi hicho hutofautiana, lakini chatuonyesha kwamba mgandamizo mdogo tu waweza kuizuia damu. Sehemu isiyopata damu kwa muda mrefu hufa.

Wanafunzi watakumbuka kwamba kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Tuchukue mtu mwenye uzito wa niutoni 600. Tuseme amelala juu ya ubao, na mwili wake unaugusa kwa eneo la mita ya mraba 0.05 tu. Wastani wa kanieneo utakuwa paskali 12,000, yaani milimita 90 za zebaki. Akilala juu ya godoro lifuatalo umbo la mwili, eneo likawa mita ya mraba 0.4, wastani hushuka hadi paskali 1,500, yaani milimita 11 hivi. Hata hivyo, chini ya mifupa iliyotokeza, kama vile ya kitako, nyonga na visigino, kanieneo huzidi wastani huo.

Godoro lipi lifaalo?

Sufi na pamba hushikamana na kufanya mabonge magumu. Sponji nene isiyochakaa ni bora zaidi. Ili kuipima, mtu akiisha kulala, pitisha kiganja kati ya godoro na kitanda, chini ya kitako chake. Ukiusikia mfupa, godoro hilo limeshindwa kazi. Godoro laini kupita kiasi nalo halifai, kwa kuwa mwili huzama na kugeuka huwa vigumu. Ukingo wake uwe imara, ili mtu aweze kuhamia kiti cha magurudumu kwa usalama.

Kifuniko kizuie mkojo, lakini kinyumbuke. Plastiki ngumu iliyokazwa huizuia sponji isibonyee, tena hukusanya jasho. Pete ya mpira isiwekwe chini ya kitako, maana huzuia damu pande zote zinazoizunguka. Godoro la hewa liendeshwalo kwa pampu husaidia, lakini kabla ya kulinunua ni lazima kuuliza litakuwaje umeme ukikatika.

Wakati nao huhesabiwa

Kanieneo ndogo idumuyo muda mrefu huweza kudhuru kama ile kubwa ya muda mfupi. Daktari Ludwig Guttmann, aliyeanzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliagiza wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana. Hakuna godoro liwezalo kuchukua nafasi ya kazi hiyo. Ngozi nayo ikaguliwe kila siku. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Kwa hiyo mkono utafute joto, uvimbe au ugumu usio wa kawaida.

Zoezi

Weka tofali juu ya sponji likiwa limelazwa, upime kina lilichobonyeza. Kisha lisimamishe, upime tena. Uzito umebadilika? Ni kitu gani kilichobadilika? Eleza jinsi jibu lako linavyomhusu mtu asiyeweza kujigeuza.