Damu, Nasaba na Usahaulifu: Methali za Urithi Mbele ya Sayansi ya Jeni

Utangulizi

Waswahili husema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba maji hufuata mkondo. Methali hizi huuchukulia urithi kuwa jambo lisiloepukika: alivyo mzazi ndivyo atakavyokuwa mwana. Makala haya yanadai kwamba mtazamo huo haufai kuongoza lugha ya kuelezea demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra na usemi hadi mtu ashindwe kujitegemea. Suala hili si la istilahi tu. Katika maeneo ya Kisii na Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mgonjwa wa demensia anayetangatanga usiku na kuingia boma la wengine bila kujua aliko anaweza kudhaniwa mchawi. Familia ikishatiwa doa hilo, methali ya nyoka huwaandama hata wajukuu.

Jeni na kauli ya "huenda"

Chanzo kikuu cha demensia ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka wa 1906. Mnamo 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliuhusisha na jeni iitwayo APOE, iliyo katika kromosomu ya 19. Jeni hii huelekeza utengenezaji wa protini inayosafirisha mafuta katika damu na ubongo. Ina aina tatu kuu: E2, E3 na E4. Kila mtu hurithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya E4 huongeza uwezekano wa kuugua takriban mara 3, na nakala mbili mara 8 hadi 12. Hata hivyo, wapo wenye E4 wanaozeeka na akili timamu, na wapo wagonjwa wasio nayo kabisa.

Mfano wa Afrika unazidi kuitikisa methali. Utafiti ulioanza mwaka wa 1992 uliwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani Weusi wa Indianapolis. Matokeo ya 2001 yalionyesha kuwa ugonjwa wa Alzheimer ulijitokeza kwa asilimia 1.15 kwa mwaka kule Ibadan, dhidi ya asilimia 2.52 kule Indianapolis. Aidha, uhusiano wa E4 na ugonjwa ulikuwa hafifu zaidi kwa Wayoruba. Ni kweli kwamba zipo jeni adimu, kama vile PSEN1, ambazo mabadiliko yake huleta ugonjwa karibu kwa hakika, lakini hizo huhusika na sehemu ndogo mno ya wagonjwa.

Protini na kauli ya hali iliyopo

Jeni haibadiliki tangu kuzaliwa. Protini za damu hubadilika. Kiasi cha protini iitwayo p-tau217 huongezeka katika damu pale ambapo mabaki ya amiloidi yanarundikana ubongoni, na mrundikano huo huweza kutangulia dalili kwa miaka 15 au zaidi. Mnamo Mei 2025, Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha aina hii, kwa watu wa umri wa miaka 55 na zaidi walio na dalili. Hata hicho hakijitoshelezi. Daktari hukisoma pamoja na uchunguzi mwingine. Kwa lugha ya sarufi, jeni husemewa kwa "huenda", ilhali protini husemewa kwa "-na-" na "-me-".

Hitimisho

Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka wa 2024 ilikadiria kuwa takriban asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kukabili mambo kama shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, uziwi na ukosefu wa elimu. Maji, basi, hufuata mkondo, lakini mkondo wenyewe huweza kuchepushwa. Mwandishi wa Kiswahili anayeeleza taaluma hii hana budi kusema "uwezekano wa kuugua" badala ya "atarithi ugonjwa", na "mgonjwa wa demensia" badala ya "aliyerukwa na akili". Anayerithi E4 harithi ugonjwa, hurithi uwezekano. Katika jamii ambako shutuma huweza kuua, tofauti ya maneno hayo ni tofauti ya uhai na mauti.