Mgeni Mtoni Kyela



Somo la kutafakari: Luka 10:1-9

Vikundi vyetu vinapenda safari, na Kyela inavutia kweli: Ziwa Nyasa, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, wali unaonukia tangu uko jikoni. Wikiendi ya kuvua samaki mtoni? Twende! Ila tunaenda kama nani?

Yesu aliwatuma wanafunzi bila mfuko wala viatu, akawaambia wale watakachoandaliwa. Yaani mtume anafika akiwa mhitaji, anategemea sahani ya mwenyeji. Sisi tunafika na kila kitu: chakula chetu, spika yetu, na simu ya kumpiga picha mvuvi ambaye hata hatujamsalimia. Kwa Wanyakyusa anza na "mugonile", na ukipewa kitu sema "ndaga". Maneno mawili tu, jamani.

Mtihani wenyewe uko mtoni. Mbasa, yule samaki mkubwa wa rangi ya fedha, anaishi ziwani, lakini mvua zikijaza mito anapanda kutaga mayai kwenye changarawe. Hapo ndipo ni rahisi kumkamata, na ndipo mgeni anapotamani picha ya kuposti. Nyavu zikizibwa ukingo hadi ukingo, wanaonaswa ni wazazi kabla hawajataga. Sisi tutakuwa tumesharudi Mbeya au Dar. Watakaokosa kitoweo miaka ijayo ni watoto wa hapo hapo. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, anatutaka tusikie kilio cha dunia pamoja na kilio cha maskini. Mtoni Kyela ni kilio kimoja.

Kwa hiyo muulize mvuvi kwanza. Akisema hapa msivue, basi. Petro, fundi wa nyavu, alikubali kuelekezwa na seremala (Luka 5). Sisi tusiojua hata kufunga ndoana tutashindwa kumsikiliza mvuvi?

Jumamosi piteni soko la Lyulilo, Matema, mwone vyungu vya akina mama Wakisi wa Ikombe. Nunua, na usipunguze bei mpaka mama achoke. Jumapili, kwenye Misa, msijitenge benchi moja. Kaeni na wenyeji.

Kazi ya kikundi: Jumamosi usiku someni Luka 10:1-9, kisha kila mmoja ataje kitu kimoja alichopokea siku hiyo kutoka kwa mwenyeji, pamoja na jina la aliyempa.